Yamekatika

Umeme umekatika tangu saa tatu.
Maji yalikatika Jumatatu.
Mvua ilikatika Desemba, haikuaga,
na hapa Pasua vumbi la Februari
linaingia hata kwenye kabati lililofungwa.

Saa nne akaja kijana wa bodaboda
akanishushia dumu la lita tatu.
"Kutoka Machame."
Kwa nani?
"Mama mmoja. Amesema utajua."

Nimejua.
Kifuniko kimekazwa kwa kipande cha nailoni,
mikunjo mitatu, fundo upande wa kushoto.
Ndivyo anavyofunga Aisia tangu utoto,
tulipokuwa tukipeleka maziwa kwenye ushirika.
Mwaka na miezi minane hatujasemezana,
mimi na dada yangu,
kwa ajili ya migomba ishirini na saba ya baba
na maneno niliyoyatoa mbele za watu.

Friji leo ni kabati tu.
Lita tatu, na mimi naishi peke yangu.
Kwa joto hili, ikifika saa nane yataharibika
bila kumwomba mtu ruhusa.
Bora niyaharibu mwenyewe, kwa adabu.

Sufuria. Gesi ya mwisho mwisho, moto unakohoa.
Usingoje yachemke.
Ngoja yatetemeke pembeni
kama mtu aliyetaka kusema neno, akaghairi.
Hapo kamua malimau mawili, koroga mara moja, toa mkono.
Kwanza hakuna kitu.
Kisha yanakatika:
huku mabonge meupe, huku maji ya kijani mepesi,
vilivyokuwa kitu kimoja asubuhi
vinaelea mbalimbali.

Nikamimina kwenye kipande cha kanga kuukuu,
maandishi yamefutika, limebaki "jirani".
Nikafunga fundo (la kushoto, sikukusudia)
nikalitundika kwenye bomba la jikoni.
Siku nne halijatoa tone.
Leo linadondosha, to, to, to,
kama limekumbuka kazi yake.

Tikiti ni la Kahe, nililipata Mbuyuni jana
baada ya kupiga makofi matikiti sita
na kuulizwa na muuzaji,
"Mama, unanunua tikiti au unachagua mkwe?"
Nalichoma kisu, linapasuka lenyewe mbele ya makali,
kra, hadi chini.
Mbegu nazitoa kwa ncha ya kijiko, si zote.
Baba alisema anayetoa mbegu zote hana shughuli nyingine.
Embe dodo moja.
Pasheni mbili, zile zilizojikunja ngozi
kama vidole vya mtu aliyefua kutwa.
Nanaa, kutoka kwenye kopo la rangi barazani,
inayoishi kwa maji niliyooshea mchele.

Jibini limetoka laini, lina alama za nyuzi za kanga.
Hili halikatwi. Linamegwa kwa vidole.
Chumvi kidogo. Nikaonja. Nikaongeza.
Nilikula bakuli zima nimesimama,
maji ya tikiti yakinitiririka hadi kwenye kiwiko.
Nani wa kuniona?

Halafu dumu.
Kwetu chombo hakirudi kitupu,
hata kwa mtu mliyekosana. Hasa kwake.
Nikalijaza yale maji ya kijani, nguruwe wake watafurahi.
Lakini tikiti halipiti kwenye mdomo wa dumu.
Nikasimama mbele ya kabati kitambo.
Nikatoa bakuli la buluu lenye mfuniko, la marehemu mama,
lile Aisia alilolitaka siku ya matanga
nikawahi mimi.

Kwa chaji ya mwisho nikampigia kijana.
"Niseme linatoka kwa nani?"
Usiseme.

Saa kumi na moja umeme ukarudi, friji ikanguruma.
Simu ilipofika asilimia sita
ukaingia ujumbe, herufi kubwa tupu,
kama anavyoandika yeye:

UMEZIDISHA CHUMVI.

Na dakika nne baadaye:

BAKULI SIRUDISHI.